Ndoo ya Asali Haina Kilo 20

Ndoo ya lita 20 ikijaa asali haina kilo 20. Ina kilo 28. Hilo nimelifundisha darasani miaka mingi, nikaliandika ubaoni mpaka vumbi la chaki likanikaa kwenye mikono ya shati, na bado siku moja niliuza asali kana kwamba sijawahi kulisikia.

Mama mkwe wangu anafuga nyuki Handeni, ndani kabisa, ana mizinga ya magogo na michache ya mbao. Mwaka ule nyuki walikuwa wema. Akanipa ndoo tatu nizishushe Korogwe ninakoishi, nimuuzie mnunuzi aliyekuwa akipita kukusanya. Bei tulikubaliana ya kilo. "Ndoo tatu, kilo 60," mnunuzi akasema huku anaandika kwenye daftari lake, na mimi, mwalimu wa kemia, nikaitikia kwa kichwa. Nikahesabu pesa, nikashukuru, nikaenda zangu. Usiku nasahihisha madaftari ya kidato cha kwanza, nikafika swali la tatu nililolitunga mwenyewe: asali yenye ujazo wa sentimita za ujazo 50 ina tungamo la gramu 71, tafuta densiti yake. Kalamu nyekundu nikaiweka chini. Ndoo tatu zilikuwa na kilo 84 na ushee. Kilo 24 nilikuwa nimezitoa sadaka.

Nilipokwenda kumweleza, mama hakugomba. Aliniuliza tu, "Mkwe, si ndiyo unayofundisha haya?"

"Ndiyo, mama."

"Haya."

Tangu siku hiyo, mtoto yeyote wa Korogwe au Handeni akiniambia sura ya vipimo ni rahisi, ni ya kuvuka haraka ili tufike kwenye kemia yenyewe, namsimulia ndoo zangu tatu. Namwambia mzazi pia, na mkulima, maana wao ndio wanaolipa. Ushauri wangu wote katika makala hii unatoka kwenye swali moja, nalo ni la kuulizwa kabla hujagusa mizani, rula au kikokotoo: hapa ninapima nini? Nafasi kitu kinachojaza, au kiasi cha kitu chenyewe?

Nafasi ndiyo ujazo, nao tunaupima kwa lita, mililita na mita za ujazo. Kiasi cha kitu chenyewe ndicho tungamo, ambalo sokoni tunaliita uzito na kulipima kwa kilo na gramu. Mwalimu wa fizikia atakukumbusha kwamba uzito hasa ni nguvu ya mvutano na hupimwa kwa nyutoni, na ana haki yake. Kwenye mtihani mfuate yeye. Kinachotuchanganya ni maji. Lita moja ya maji ina kilo moja, na kwa kuwa maji ndiyo tunayoyabeba tangu utotoni, kichwani lita na kilo zimekuwa pacha. Wala haikutokea kwa bahati. Wafaransa walipotunga mfumo wa metriki, mwaka 1795 waliamua gramu iwe ni tungamo la sentimita moja ya ujazo ya maji baridi. Siku hizi kilo haitegemei maji tena, tangu 2019 imefungwa kwenye namba ya fizikia isiyobadilika, lakini undugu wa maji na kilo umebaki palepale. Ila ni undugu wa maji peke yake. Lita ya mafuta ya taa ina gramu 800 hivi. Ya mafuta ya alizeti, 920. Ya asali iliyoiva vizuri, 1,420. Ya zebaki ni kilo 13 na nusu, ndiyo maana kichupa chake kidogo humshtua anayekiinua mara ya kwanza.

Daraja la kutoka kwenye ujazo kwenda kwenye tungamo ni densiti: gawanya tungamo kwa ujazo. Na kuipima hakuhitaji maabara ya kifahari. Ukiwa na mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja na chupa ya maji ya dukani, unaweza kupima densiti ya kimiminika chochote bila hata kujua ujazo wa chupa yako. Ipime ikiwa tupu na kavu. Ya kwangu ilikuwa na gramu 20. Ijaze maji mpaka mdomoni uipime tena: gramu 530, kwa hiyo maji ni gramu 510. Imwage, ikaushe sawasawa, ijaze asali mpaka palepale: gramu 740, asali ni 720. Sasa 720 kwa 510 unapata 1.41. Umepata densiti ya asali kwa kuilinganisha na maji, na vizio vya juu na chini vimekatana. Ukichanganya asali hiyohiyo na maji, kikombe kimoja katika kila vikombe kumi, namba itashuka hadi karibu 1.37. Usifanye haraka ya kumwita mtu mwizi, hata hivyo. Sukari iliyochemshwa ikawa nzito nayo inaweza kukaribia namba za asali, kwa hiyo densiti inaweza kumkamata aliyetia maji, ila haimsafishi kila mtu.

Hapo kuna jambo ambalo wanafunzi wangu huliandika kwa kukariri bila kulionja. Tungamo na ujazo hubadilika na kiasi: ndoo moja, kijiko kimoja. Densiti haijali. Kijiko cha asali na pipa la asali, ikiwa ni asali moja na joto ni moja, zina densiti ileile. Vivyo hivyo kiwango cha kuyeyuka na kiwango cha kuchemka. Ndiyo maana sifa hizi ndizo tunazozitumia kukitambua kitu bila kukigeuza kuwa kingine.

Twende sokoni, na huko mambo ni mazito zaidi kuliko asali, kwa sababu mahindi tunauziana kila siku. Debe ni kipimo cha ujazo. Lilikuja na mafuta ya taa, kopo la bati la galoni nne za Kiingereza, na galoni hiyo ina lita 4.546. Piga hesabu: debe la babu lilikuwa na lita 18.2. Ndoo ya plastiki tunayoiita debe leo ina lita 20. Jina moja, vyombo viwili, tofauti ya karibu lita mbili. Halafu kuna kilele. Mahindi makavu yakijazwa ndoo ya lita 20 na juu yakafutwa kwa ubao, mizani yangu husoma kilo 14 na nusu, ukipenda 15. Mnunuzi akisimamia mwenyewe, akatikisa, akajaza kilele mpaka punje zinamwagika, unakuta 17 au 18. Mkulima anayeuza kwa kilele na kesho ananunua kwa kufutwa anapoteza karibu kilo tatu kila debe, bila mtu yeyote kumwibia kwa maana anayoijua polisi.

Gunia la lumbesa ni kilele hichohicho kilichoshonewa kamba. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inawapa Wakala wa Vipimo meno juu ya jambo hili, na gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Ushauri wangu kwa anayeuza Mkata, Kabuku au Mombo hauna ufundi: uza kwa mizani, na kabla ya kuuza itazame mizani yenyewe. Mizani ya biashara huhakikiwa kila mwaka na kubandikwa stika. Soma tarehe ya stika. Kisha itazame ikiwa tupu. Kama haina kitu juu na mshale haujakaa kwenye sifuri, basi kila kilo utakayopima itabeba kosa hilohilo. Mwanafunzi naye afanye vivyo hivyo na mizani ya maabara. Kosa la sifuri halimchagui mtu.

Tunapenda kusema haba na haba hujaza kibaba, na sijakutana na kijana wa kidato cha pili aliyeweza kuniambia kibaba ni kiasi gani. Kilikuwa kipimo halisi, robo ya pishi. Watu walikinunulia mchele.

Mizani nayo ina ujanja wake, maana kilo ya mahindi mabichi ni mahindi na maji. Chukua gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 20. Ndani yake punje kavu kabisa ni kilo 80, kilo 20 ni maji. Likaushe mpaka unyevu uwe asilimia 13. Zile kilo 80 hazijaenda popote, ila sasa ndizo asilimia 87 ya gunia, kwa hiyo gunia zima ni 80 gawa kwa 0.87, yaani kilo 92. Kilo nane zimepanda juani, na hakuna aliyekuibia. Anayenunua mabichi kwa bei ya makavu ananunua maji, na Handeni maji ni ghali lakini si kwa bei hiyo.

Kifaa cha kupimia unyevu hakipo kila kijiji, lakini chupa na chumvi vipo. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia punje za mahindi theluthi moja, ongeza chumvi kavu vijiko viwili vitatu, funga, tikisa dakika mbili au tatu, kisha iache itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15 hivi, yarudishe turubaini. Ikianguka chini na kioo kikabaki safi, yanafaa ghalani. Hapo unatumia sifa ya chumvi ya kufyonza unyevu. Wasichana wangu wa kidato cha kwanza walilipenda jaribio hili kuliko lolote tulilofanya maabara, labda kwa sababu waliweza kwenda kuonyesha nyumbani jioni ileile.

Sasa kubadili vizio, ambako ndiko alama nyingi hupotelea. Siri yake ni moja: usiitupe namba peke yake. Andika kizio pembeni ya kila namba, kisha vizio navyo uvifanyie hesabu, vizidishe, vigawe, vikate. Vikibaki vile ulivyoulizwa, njia yaelekea ni sahihi hata kama kikokotoo kimekosea. Vikibaki vya ajabu, gramu kwenye jibu la sentimita, simama. Dawa ya kupulizia michungwa imeandikwa mililita 40 kwa maji lita 20, na bomba lako la mgongoni ni la lita 16. Mililita 40 gawa kwa lita 20, zidisha kwa lita 16: lita na lita zinakatana, mililita 32 zinabaki. Zipime kwa sirinji ya duka la dawa, ukiitenga kwa kazi hiyo tu na kuificha watoto wasiione. Vifuniko vya chupa havilingani, na aliyezoea kusema "vifuniko viwili" amebadilisha chupa mara tatu tangu aanze.

Vizio vya eneo vina mtego wa pekee. Huku kwetu ekari hupimwa kwa miguu, hatua 70 kwa 70. Kipimo hiki si cha ovyo. Hatua ya mtu mzima anayetembea kwa kusudi ni kama yadi moja, na yadi 70 kwa yadi 70 ni yadi za eneo 4,900, wakati ekari ni 4,840. Aliyekianzisha alijua alichokifanya. Lakini mtume kijana mwenye hatua ya sentimita 70 akupimie. Upande mmoja utakuwa mita 49 badala ya 64, na utasema si neno, haijafika hata robo. Zidisha upande kwa upande: mita za eneo 2,401, na ekari ni 4,047. Umelimiwa chini ya asilimia 60 ya ekari uliyolipia trekta. Kosa likiwa kwenye urefu, eneo hulizidisha. Kwa sababu hiyohiyo mita moja ina sentimita 100, lakini mita moja ya eneo ina sentimita za eneo 10,000, na mita moja ya ujazo ina sentimita za ujazo 1,000,000. Mwanafunzi anayegawa kwa 100 kila mahali ni yule kijana wa hatua fupi.

Mita ya ujazo kwa Handeni si habari ya mtihani tu. Mji ule umeishi na shida ya maji miaka nenda rudi. Bomba kuu, ambalo wenyeji wanaliita HTM, huyachota kwenye Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma hadi Handeni, na sasa Handeni na Korogwe zote zimo kwenye mradi wa maji wa Miji 28. Uniti moja kwenye ankara ya maji ni mita moja ya ujazo, lita 1,000, madumu 50 ya lita 20. Tuseme unanunua dumu shilingi 500 kwa mwenye pikipiki. Uniti moja imekugharimu 25,000. Weka namba hiyo karibu na ya ankara uone ipi nzito. Watu huniambia dumu ni bei rahisi, na ni kweli, dumu moja ni rahisi.

Halafu geuza macho juu ya paa. Mvua hupimwa kwa milimita, jambo linalowashangaza wengi: maji gani hupimwa kwa rula? Lakini milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya eneo ni elfu moja ya mita ya ujazo, yaani lita moja kamili. Paa linalofunika mita 8 kwa 10 likipigwa na mvua ya milimita 25 limepokea lita 2,000. Toa zinazoruka pembeni na za kwanza za kuosha vumbi, bado una lita 1,600, madumu 80, kwa mvua moja. Ukitaka kupima paa lako, pima chini, eneo linalofunikwa, usipime mabati yenyewe. Mwinamo wa bati hauongezi mvua.

Nimekaa sana sokoni. Turudi maabara kidogo, kwa wale wenye mtihani wa vitendo mbele yao. Silinda ya kupimia iweke mezani, usiinue mkononi, inama wewe mpaka jicho liwe sawa na uso wa maji. Maji hujikunja yakapanda kwenye kuta za kioo. Soma chini ya mkunjo. Zebaki hufanya kinyume, hujituna katikati, na hiyo husomwa juu. Usiandike tarakimu ambazo kifaa chako hakikukupa. Rula ya milimita haiwezi kukupa sentimita 12.3467 hata kikokotoo kikizimwaga zote, na msahihishaji akiziona anajua umenakili kioo badala ya kufikiri. Pima mara tatu. Shule isiyo na silinda inayo sirinji, na sirinji ya mililita 20 ni sahihi kuliko kopo la bati lililochorwa mistari na kaka mkubwa.

Kuhusu joto nina hadithi ya kwetu. Ukitoka Korogwe kwenda Mombo, kisha ukapanda milima hadi Lushoto, utafika Magamba. Mwaka 1963 mwanafunzi wa shule ya sekondari ya pale, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friza ilikuwa inakwisha, akauingiza mchanganyiko wake wa maziwa ukiwa bado moto. Ukaganda kabla ya wa mwenzake ambaye hakuchemsha maziwa yake. Mwalimu hakukubali, wenzake walimcheka. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali hilohilo Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakacheka tena ukumbini, lakini Osborne alikwenda kujaribu, na mwaka 1969 wawili hao walilichapisha. Jina la Mpemba linatajwa kwenye vitabu vya fizikia duniani kote.

Naipenda hadithi hiyo kwa sababu ya sehemu yake isiyosimuliwa sana. Mabishano hayajaisha, na sehemu kubwa ya mabishano ni vipimo. Kuganda ni nini: chembe ya kwanza ya barafu, au chombo kizima kuwa kigumu? Na themomita umeiweka wapi? Mwaka 2016 watafiti wawili Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walionyesha kwamba kuikosea themomita kimo cha sentimita moja kunaweza kukupa matokeo ya Mpemba hata pasipokuwa na kitu. Sisemi Mpemba alikosea, aliona alichokiona. Nasema kijana wa Magamba aliuliza swali ambalo wakubwa wamelipima zaidi ya miaka 50 na bado wanagombania mahali pa kuweka themomita. Na wewe kwenye ripoti yako andika uliiweka wapi, na usiiache iguse kitako cha bika.

Milima hiyohiyo inakufundisha kwamba maji hayachemki kwa nyuzi 100 kila mahali. Kila ukipanda kama mita 300, kiwango cha kuchemka hushuka karibu nyuzi moja ya selsiasi, kwa sababu hewa inayokandamiza maji imepungua. Korogwe, iliyo chini bondeni, maji huchemka kwenye nyuzi 99 hivi. Handeni, mita 700 kutoka usawa wa bahari, ni nyuzi 97 na nusu na ushee. Lushoto ni nyuzi 95. Mwanafunzi wa Lushoto akipata 95 akaandika 100 kwa kuwa kitabu kinasema hivyo, amefuta kipimo chake cha kweli akaweka cha mtu wa pwani. Na bibi wa Lushoto anayelalamika maharage hayaivi upesi hana kosa, sufuria yake haipati joto la sufuria ya Korogwe hata angeongeza kuni za msitu mzima. Kuni zaidi hufanya maji yaondoke haraka tu.

Siwezi kuandika vipimo vya Handeni nikaacha dhahabu, ingawa nitakuwa mfupi. Densiti ya dhahabu safi ni gramu 19.3 kwa sentimita ya ujazo, na ile inayong'aa inayodanganya vijana, piriti, ni 5 tu. Kipande kifunge kwa uzi mwembamba, kipime hewani, kisha kipime kikining'inia ndani ya glasi ya maji bila kugusa chini. Kikiwa gramu 11.58 hewani na 10.98 majini, kimepungua 0.60, nazo ni sawa na ujazo wake. Gawa: 19.3. Kingesoma 10.80 majini ungepata chini ya 15, na hapo ndani kuna kitu kingine. Ni hesabu ya Arkimedi, ya kale kuliko duka lolote la dhahabu. Bei za dunia zinazotajwa redioni ni za wakia ya dhahabu, gramu 31.1, wakati wakia ya kawaida ni 28.35, usichanganye. Na zebaki ya kukamatia dhahabu, rafiki yangu, usiichome nyumbani. Huchemka kwenye nyuzi 357, joto ambalo jiko la mkaa hulifikia bila taabu, mvuke wake hauonekani wala haunuki, na hata bila moto huendelea kuvukiza kidogo kidogo.

Mama mkwe hakuacha kuuza asali. Alinunua mizani yake mwenyewe, ya kuning'iniza, stika ikiwa mpya, akaifunga kwenye boriti ya banda. Msimu uliofuata alikuwa na alizeti pia, na siku niliyofika kumsalimu alikuwa amejaza mafuta kwenye ndoo ileile ya lita 20.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mkwe. Haya, mwalimu, hii ni kilo ngapi? Usitazame mizani."

Nikapiga hesabu kichwani, 20 mara 0.92. "Kilo 18 na nukta nne, mama."

Akaitundika. Mshale ukasimama juu ya 19. Nikasogea, nikainama jicho liwe sawa na mshale, nikasema labda mizani ina kosa la sifuri, labda ndoo imezidi lita 20 kidogo, labda ni joto. Mama alikuwa ameshika ndoo nyingine ya namna hiyohiyo, tupu, ananingoja nimalize.

"Na ndoo yenyewe," akasema, "umeitoa?"